Mwanangu (10) anakoroma sana usiku, naombeni dawa

Mama Wawili: Habari za usiku wanajukwaa. Mwanangu wa kwanza yuko darasa la nne. Anakoroma mpaka mdogo wake amehamia chumbani kwetu. Mchana anasinzia darasani, mwalimu kaniita mara mbili. Nimemlaza ubavu, nimemwongezea mto, wapi! Mwenye kujua dawa anisaidie, ya hospitali au ya kienyeji. Tupo Mbagala.

Kipara Ngoto: Pole. Marehemu baba alikoroma maisha yake yote, kule Kilosa tulikuwa tunasema treni imefika. Kafa na miaka 81. Usihangaike.

Mkemia wa Tandika: Kilo ngapi huyo mtoto?

Mama Wawili: Ni mnene kidogo, ndivyo ukoo wao ulivyo.

Mkemia wa Tandika: Kidogo ni ngapi?

Mama Wawili: 62.

Bi Mkubwa: Miaka 10, kilo 62! Chipsi mayai kila jioni na soda juu. Sisi tulikula makande na tukatumwa kisimani.

Nesi wa Zamu: Dada, dawa ya kukoroma tuiweke kando. Akilala, pumzi hukatika halafu anashtuka kama anayekabwa? Ameanza tena kukojoa kitandani? Shingo nyuma ina weusi usiotoka?

Mama Wawili: Yote matatu. Huo weusi nilikuwa nausugua na dodoki nikidhani uchafu, hadi akalia.
Basi niseme. Mwezi wa tatu tulienda hospitali kwa ajili ya tumbo, akapigwa altrasaundi, wakasema ini lina mafuta. Daktari akaandika rufaa kwa wataalamu wa koo. Sijaenda. Kuna dada kwenye kikundi chetu anauza dawa ya maji ya kusafisha ini, nimenunua chupa mbili, laki na themanini. Hii wiki ya tatu anakunywa. Sijampuuza daktari, nilitaka tumalize dozi kwanza, maana ini ndilo kubwa, kukoroma kutafuata. Na naogopa watasema apasuliwe.

Jicho Pevu: CHAI. Kilo mpaka avutwe ulimi, sasa katutajia dawa na bei yake. Ngojeni, itakuja akaunti mpya kusema imemponya mwanawe, na namba ya simu chini. Tangu lini mtoto akapata ini la walevi?

Kipara Ngoto: Hapo kweli. Uzi ufungwe.

Mkemia wa Tandika: Wanapata, tena bila tone la pombe. Mwaka 1983 madaktari Marekani walishaandika habari za watoto wanene wenye ini hilihili. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 hivi, na ikizidi, ini huigeuza mafuta.

Nesi wa Zamu: Chai au si chai, nitajibu, kuna mama mwingine anasoma kimya. Koo lisisubiri ini. Pumzi ikikatika, oksijeni kwenye damu inashuka, ikirudi inapanda, usiku kucha hivyo. Ini lililokwisha kujaa mafuta linaumizwa zaidi. Na mtoto asiyelala vizuri, kesho yake ana njaa ya sukari na hataki kucheza, uzito unapanda. Huenda ni nyama za puani au mafindofindo, wataangalia. Wakizitoa, kwa mtoto mnene tatizo si lazima liishe lote, uzito nao ushughulikiwe. Dawa ya kusafisha ini hakuna. Simamisha hiyo chupa leo, nayo inaweza kuliumiza.

Mama Wawili: Sina namba ya kumpa mtu. Saa tisa usiku hii nimekaa kitandani kwake. Kidevu juu, mdomo wazi, shuka limelowa shingoni. Nimehesabu kwa simu: kimya sekunde 14, kisha akavuta pumzi kama mtu anayeibuka majini. Mara sita ndani ya nusu saa. Rufaa nimeikuta ndani ya daftari lake. Ila chupa ya pili iko nusu, jamani, hela yangu.

Nesi wa Zamu: Nenda nayo hospitali waione, wampime damu ya ini upya. Na hizo sekunde 14 zirekodi, daktari asikie mwenyewe.

Jicho Pevu: Nisamehe, mama.

Mama Wawili: Nimerekodi. Baba yake naye anasikika humo, kutoka chumba cha pili.