Mafuta ya 737 kwenye simuleta: kasi, kimo au uzani?

Lanet_Angani (Nakuru)
Habari zenu. Wiki hii, kwenye simuleta (programu ya kuigiza urubani) ya nyumbani, nimeruka Nairobi–Johannesburg mara tatu na ndege ya Boeing 737-800, kwa hali ya hewa ya kweli. Kila nikitua, mafuta yamepungua kuliko mpango: jana zilibaki tani 2.3 badala ya 2.9. Kaka yangu anasema nishushe CI (cost index, namba inayoiambia kompyuta ya ndege iruke kasi gani) kutoka 80 hadi 10. Jirani anasema nipande juu zaidi kwenye hewa nyepesi. Mimi naona niongeze tani 3 tu yaishe. Lipi lina faida? Jana niliondoka na uzani wa tani 70, nikapanda moja kwa moja hadi futi 38,000.

Dunga_737 (Kisumu)
Dada, jibu limo kwenye sentensi yako ya mwisho. Kwa tani 70 kimo bora cha ndege hiyo ni kama futi 35,500, na kompyuta ya ndege inakuonyesha ukiitazama. Hapo 38,000 pua inainuka, bawa linabeba kwa shida, injini zinasukuma karibu na kikomo. Hewa nyepesi humfaa aliyekwisha kuwa mwepesi.

Unaelekea kusini-magharibi, kwa hiyo vimo vyako ni vya maelfu shufwa: anza 36,000. Baada ya saa mbili na nusu utakuwa umechoma kama tani 6. Panda sasa 38,000. Tazama ile namba ya mafuta yanayoingia kila injini, kabla na baada. Mimi ndiyo iliyonishawishi.

Milimani_Rubani (Kisumu)
Naunga mkono, ila kaka yake pia ana hoja. CI ni gharama ya muda ikilinganishwa na gharama ya mafuta. Sebuleni hulipi marubani wala huna abiria wa kuwahi ndege nyingine, sasa 80 ya nini? Weka 10, utachelewa dakika chache tu. Lakini ingiza pepo za njiani kwenye kompyuta ya ndege kwanza, kwa sababu ukikutana na upepo wa mbisho inafaa kuongeza kasi kidogo, la sivyo unakaa hewani ukichoma bure.

Halafu usichukue namba za CI za wenye Airbus A320. Airbus hupima CI kwa kilo kwa dakika, Boeing kwa mamia ya ratili kwa saa. 30 yao si 30 yako.

Lurambi (Kakamega)
Tani 3 za ziada achana nazo. Mafuta hubebwa kwa mafuta: kadiria asilimia 3 ya uzani huo kila saa. Kwa safari ya karibu saa nne utachoma kama kilo 350 ili kubeba zilizobaki, na kimo chako bora kinashuka. Ila akiba ya nusu saa na ya kufika uwanja mbadala usiiguse hata kidogo. Sisi wa huku tunajua mvua ya jioni ya ziwani; nimewahi kuzunguka juu ya Kisumu kwenye simuleta hadi nikaenda Eldoret, na akiba ndiyo iliyonifikisha.

Dunga_737
Dada, ulianza kushuka wapi?

Lanet_Angani
Maili 130 za baharini kabla. Nikafika chini mapema, nikasukuma injini hadi uwanjani.

Dunga_737
Basi hapo napo pamevuja. Uwanja wa Johannesburg uko futi 5,558 juu ya bahari. Kutoka 38,000 unashuka kama futi 32,400. Kila elfu moja maili tatu, ni 97. Ongeza 10 za kupunguza mwendo. Ukianza kwenye 107, injini zinatulia njia nzima, na hutagusa breki za hewa.

Lanet_Angani
Nimerudi. CI 10, 36,000 halafu 38,000, kushuka maili 107, mafuta yaleyale ya jana. Zimebaki tani 2.7. Asanteni sana! Na Nairobi–Kisumu je, nipande hadi wapi?

Milimani_Rubani
Pale njia ni fupi, hata usihangaike na CI. Futi 20,000 au 22,000, na akili yote iweke kwenye kushuka.