Pikapu ya kabureta inatetemeka: ni manifoldi au vavu?

Wadau, naomba ushauri. Nina Peugeot 504 pikapu ya petroli, ya kabureta. Kwenye foleni inatetemeka hadi kioo cha pembeni hakionyeshi kitu, lakini nikivuta choki (inayopunguza hewa kwenye kabureta) nusu inatulia kabisa. Plagi tatu zina rangi ya kahawia, ya nne ni nyeupe kama chokaa. Bila choki, nikichomoa waya wake mlio haubadiliki. Nimeweka plagi na waya mpya, wapi! Fundi anashuku vavu, anataka kufungua hedi (kifuniko cha juu ya silinda). Mimi nashuku gasketi ya manifoldi (bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda) inavuta hewa (na bei za vipuri pale Grogan, Nairobi, mnazijua). Nikinyunyiza maji pale kwenye maungio na mlio ubadilike, huo ni ushahidi tosha? Au nipime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza?