Mtoto anakariri kitabu badala ya kusoma, nifanyeje?

Mama Tatu: Habari za jioni wakuu. Mwanangu yuko darasa la pili, kitabu chake cha shule anakitiririsha mwanzo mwisho bila kukwama. Jana nikaziba picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja tu, "kikombe". Akanikodolea macho, akasema "bakuli?" Kumbe picha ndiyo inayomsomea! Sisi miaka ya 80 tuliimba ba be bi bo bu darasa zima, fimbo ya mwalimu ikitembea ubaoni. Nirudie njia ile au nimtafutie tuisheni?

Chaki Nyeupe: Tuisheni subiri kwanza, dada. Mimi nafundisha la kwanza na la pili, na tangu mtaala wa 2015 kazi yetu kubwa huko ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini darasa likijaa, anayekariri anapita bila kujulikana. Kata boksi la sabuni vipande vipande, andika ma, ka, ta, la. Apange mwenyewe: kata, taka, lala, kama. Changanya na yasiyo na maana, kama "lamata", hapo hana cha kukariri. Mbwa, nywa na ng'o ziache kwa sasa, hizo zinawatoa jasho hata wa la tatu.

Mtoto wa Pwani: Chuoni kwetu, madrasa ya Kurani, walijaa hao. Mtu anaghani sura nzima, macho yako dirishani. Maalimu hakugombana naye, aliweka kijiti katikati ya mstari na kusema "anzia hapa". Kimyaaa! Mwenye kuijua alifu na be yake ndiye aliyeendelea.

Gazeti la Jana: Mimi nilisomea kwenye karatasi za kufungia maandazi. Picha hakuna, na habari inakatika penye utamu. Mwizi mmoja wa Magomeni hadi leo sijui kama alikamatwa 😂

Bibi Afya: Mkapime na macho pia.

Mama Tatu: Macho tutapima wiki hii. Kadi nimezikata sasa hivi. "Taka" kaisoma vizuri, nikageuza ikawa "kata", akasema "taka" tena.

Chaki Nyeupe: Silabi anazijua huyo, mpangilio ndio haujakaa. Weka kidole chini ya "ka", asitamke ya pili mpaka kidole kisogee. Dakika kumi kwa siku zinatosha, akianza kupiga miayo acha.