Kijiji chetu hakina mafuriko wala volkano: kamati ya maafa ishauri kaya zijiandae na nini?

Mama Chai (Mufindi)

Kamwene wadau. Mwezi uliopita mkutano mkuu wa kijiji chetu, kilichopo wilayani Mufindi upande wa mashamba ya chai, uliniteua kuwa katibu wa kamati ya usimamizi wa maafa, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka iwepo kuanzia mkoani hadi kijijini. Jina langu lilipotajwa watu walicheka, na sikuwalaumu. Hatukai bondeni kama ndugu zetu wa Pawaga, hatuna mto unaofura kila Aprili kama Kiwira unavyowafurikia watu wa Kyela, na lile tope lililoshuka Katesh, chini ya Mlima Hanang, Desemba 2023 tuliliona kwenye simu tu. Mzee mmoja aliuliza kama nitalipwa posho ya kusubiri maafa yasiyofika.

Swali langu ni hili: kwa kaya ya kawaida ya huku juu, yenye nyumba ya tofali za kuchoma na paa la bati, ekari mbili tatu za mahindi na viazi, na miti michache ya mbao, ni jambo gani linalostahili kutangulia? Nimesoma orodha kadhaa zinazotaja maji ya siku tatu, tochi, redio na vyakula vya makopo, nikaona zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua kila kitu dukani. Kwetu kihenge tayari ni akiba ya miezi, na chemchemi haizimiki umeme unapokatika. Naomba majibu ya watu wanaoyafahamu mazingira haya.

Fundi Paa (Mafinga)

Dada katibu, hongera kwa kuteuliwa, na mwambie mzee huyo kwamba maafa ya kwetu hufika kila mwaka, ila hudumu dakika kumi na hayapewi jina. Nazungumzia upepo unaotangulia mvua za kwanza, kati ya Novemba na Desemba. Kila msimu naitwa kuezeka upya nyumba ambazo ningeweza kuziokoa kwa waya wa bei ya kuku mmoja.

Watu wengi hudhani kwamba upepo hulikandamiza paa, kumbe hulinyanyua. Upepo unaopita juu ya bati hulivuta kwenda juu, na ule unaoingia kwa dirisha lililo wazi au chini ya baraza hulisukuma kutoka ndani. Sasa angalia tunavyojenga: kenchi (fremu za mbao zinazobeba bati) zinapigiliwa misumari kwenye mbao iliyolazwa juu ya ukuta, na mbao hiyo haijashikwa na kitu chochote isipokuwa uzito wake. Paa likinyanyuka huondoka zima, kenchi na bati pamoja, likatua shambani kwa jirani. Dawa yake ni waya mnene au ukanda wa chuma unaopitishwa chini ya kozi (safu) tano au sita za tofali wakati wa kujenga, kisha ukaifunga ile mbao na kenchi yenyewe, ili upepo ukitaka kuondoka na paa ulazimike kuondoka na ukuta pia. Mwenye uwezo wa kumwaga mkanda wa zege juu ya kuta zote aache ncha za nondo zitokeze, azifunge kenchi hapo.

Jambo la pili ni baraza. Paa la baraza likiwa mwendelezo wa paa la nyumba, upepo huanzia hapo kufungua nyumba nzima. Heri lijengwe peke yake, lipotee peke yake. La tatu ni milingoti (mikaratusi) iliyopandwa karibu na nyumba kwa ajili ya kivuli. Mti ukiwa mrefu kuliko umbali wake hadi ukutani, huo tayari umeshaelekezwa.

Sina Haraka (Njombe)

Naheshimu maelezo ya fundi, lakini huyo kuku mwenyewe hana kazi moja. Mwezi huo huo wa Novemba ndio wa mbolea na mbegu. Huku kwetu hasara inayoiangusha kaya ni sakitu (umande unaoganda kwa baridi) ya Juni na Julai, inayounguza viazi usiku mmoja. Hewa baridi ni nzito, hushuka mteremkoni kama maji na kutuama bondeni, ndiyo maana asubuhi unakuta vinyungu (bustani za bondeni) vimekuwa vyeusi ilhali shamba la mgongoni, hatua mia mbili tu juu yake, limesalimika. Kabla ya kuhubiri waya na tochi, kamati iwashauri watu wasipande viazi vyote vya kiangazi kwenye kinyungu kimoja. Hayo nayo ni maandalizi ya maafa, na hayagharimu senti.

Mwana wa Rungwe (Tukuyu)

Nakubaliana na waliotangulia, ila neno “hatuna” lililotumiwa na mleta mada linanitia wasiwasi. Ardhi haihesabu miaka kwa umri wa mzee wa kijiji. Mkoa wa Mbeya upo mahali ambapo mikono ya mashariki na magharibi ya Bonde la Ufa inakutana. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika, na Desemba 2009 Karonga, ng'ambo ya mpaka wetu na Malawi, ilitetemeka kwa wiki kadhaa hadi nyumba nyingi za tofali zikabomoka. Mlima Kyejo, tunaoulima hadi kiunoni, ulitoa lava takriban mwaka 1800. Hayo yote yametokea ndani ya vizazi vichache tu.

Mufindi si Rungwe, nalijua hilo, na sitaki mtu wa huko aache kulima akisubiri volkano. Lakini mteremko ni mteremko popote. Aprili 2024, katika kata ya Itezi jijini Mbeya, tope lilishuka kutoka mlima Kawetere likafukia nyumba na shule, baada ya mvua kuulowesha udongo kwa muda mrefu. Kwa hiyo kamati yako ina kazi isiyohitaji fedha: mvua inaponyesha siku nyingi mfululizo, mtu apande juu ya makazi akaangalie. Ufa mpya unaokata mteremko kwa upana, miti au nguzo zilizoanza kulala, chemchemi iliyobadilika rangi ghafla, na mlango wa nyumba ya mteremkoni ulioanza kugoma kufunga bila sababu, hizo ndizo dalili za kuwahamisha watu siku hiyo hiyo bila kusubiri kikao. Mfahamu pia lugha ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi tatu zinazopanda, ingawa wengi wetu huzisikia redioni kama neno moja.

Kuhusu tetemeko, sogezeni vitanda mbali na ile pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa, maana ndiyo huanguka kwanza pale tofali zilipounganishwa kwa tope.

Muuguzi Mstaafu (Iringa)

Nashangaa mmefika hapa bila kutaja radi. Watu wetu hufunika vioo na kuvua nguo nyekundu, kisha wanakwenda kujikinga mvua chini ya mti mmoja uliosimama katikati ya shamba. Mafunzo yenyewe ni mafupi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo; kila sekunde tatu ni kama kilometa moja, na zikiwa chini ya thelathini uwe umeshaingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa vioo. Kibanda cha nyasi cha shambani si nyumba imara. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo mrudi kwenye jembe. Simu ya mkononi haiiti radi, ila iliyochomekwa ukutani ikichaji ni hatari kuishika.

Wengi huogopa kumgusa aliyepigwa wakidhani kwamba bado ana umeme mwilini, na muda huo wa hofu ndio unaomuua. Hana umeme. Kama hapumui na moyo umesimama, abanwe kifua katikati kwa nguvu na kwa haraka, mara mia moja hadi mia moja na ishirini kwa dakika, bila kuacha, wakati wengine wanatafuta usafiri. Kila kitongoji kiwe na watu wawili au watatu waliofundishwa hilo zahanati.

Na kwa kuwa baridi ya sakitu imetajwa, nimtajie ndugu yangu wa Njombe jiko la mkaa linaloingizwa chumba cha kulala usiku wa Julai. Hewa yake ya sumu haina harufu wala moshi, na familia nzima hulala isiamke. Jiko libaki nje.

Mama Chai (Mufindi)

Nimejifunza kuliko nilivyotarajia, na nimeona aibu kidogo, kwa sababu nikiwa mkazi wa wilaya ya miti nimesahau kuuliza kuhusu moto. Kuanzia Agosti hadi mvua zirudi, mtu mmoja akichoma majani ya shamba lake bila kulizungushia kinga (ukanda uliofyekwa kuzuia moto), misindano (miti ya paini) ya jirani iliyongojewa zaidi ya miaka kumi inakwisha mchana mmoja. Namba ya Zimamoto, 114, tunaijua, lakini gari lina safari ndefu kutufikia. Nitapendekeza kwamba kuchoma kufanyike jioni upepo ukitulia, kwa taarifa kwa majirani, na kwamba kinga zifyekwe mwezi Juni kwa siku za kazi za kijiji.

Kuhusu vyeti na hati, ambavyo hakuna aliyevigusa, nimeamua kwangu kuvitia kwenye mfuko wa nailoni ndani ya ndoo yenye mfuniko, karibu na mlango, na picha zake nimemtumia mwanangu aliyeko Dodoma.

Nina swali moja kwa Fundi Paa. Nyumba nyingi za huku zimeshajengwa na kupigwa plasta. Huo waya utapitishwa wapi sasa?

Fundi Paa (Mafinga)

Inawezekana, dada. Toboa ukuta kwa patasi ndefu, kozi tano au sita chini ya mbao, pitisha waya kutoka ndani hadi nje, uupandishe pande zote mbili, kisha uusokote juu ya kenchi kwa koleo hadi ukaze. Fanya hivyo kila kenchi, ukianza na zile za pembeni kwa sababu ndiko upepo unakoanzia, halafu ziba tundu kwa saruji ili mchwa na maji wasipate njia. Nyumba ya vyumba vitatu ni kazi ya siku mbili kwa fundi na msaidizi wake. Msipande juu ya bati lililolowa, na msisubiri Novemba, maana wakati huo sote tutakuwa shambani.