Hoteli ya ndani ya park Orlando, karibu dola 300 kwa usiku, halafu chini ya kitanda tunakuta pampasi ya mtoto wa watu!!

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa bado nina hasira kwahiyo sentensi zikigongana mtavumilia. Uzi huu ni wa wabongo na wakenya tulioko huku Marekani, na nyie wa nyumbani mnaodunduliza hela ya kuwaleta watoto Florida waje kuona park za burudani kama Disney na Universal, someni kabla hamjalipa dipoziti. Jina la hoteli silitaji, ila mjue ni ile aina ya hoteli iliyoko ndani ya eneo la park yenyewe, sio zile moteli za pembeni ya barabara ambazo unajua kabisa unaenda kulala na mende na umekubali.

Tumetoka Atlanta kwa gari, barabara kuu ya I-75 yote hiyo na watoto wawili nyuma wanauliza tumefika kila baada ya dakika kumi, na mama mkwe wangu ambaye amekuja kututembelea kutoka Tanga. Tunafika, tunaambiwa chumba hakipo tayari. Sawa. Check-in ni saa kumi jioni, ikapita saa kumi, ikapita saa kumi na moja, watoto wamelala kwenye makochi ya lobi, mama anatafuta pa kuswalia alasiri. Tunapewa chumba jua linaenda kuzama. Mimi nikajisemea labda wanachelewa kwa sababu wanasafisha kwelikweli. Aisee.

Sasa mama mkwe wangu mnapaswa kumjua kidogo. Huyu mama amesimamia gesti pale Korogwe miaka nenda rudi, gesti ya wasafiri wa mabasi, chumba anaingia mtu usiku anatoka alfajiri, kwahiyo mambo ya mashuka humdanganyi. Wenzake tunaingia tunashangaa TV na picha za katuni ukutani, yeye kaenda moja kwa moja kitandani kafunua duveti. Akaangalia, akanusa foronya, akaniita pembeni kwa sauti ya chini, "Baba Aisha, hili shuka halijabadilishwa, limenyooshwa tu." Nikamuuliza mama umejuaje, akanionyesha kwamba shuka lililotoka kufuliwa na kupasiwa linakuwa na mistari ya pale lilipokunjwa, lile halina mstari hata mmoja, halafu katikati lina vile vifundo vidogo vidogo vya uzi vinavyotokea mtu akishalilalia. Na upande wa mtoto kulikuwa na unywele mrefu wa dhahabu. Kwetu sote watano pale hakuna mwenye nywele za rangi hiyo jamani!!

Tuendelee. Kapeti. Mama anataka kutandika mswala, akapitisha kiganja chini kama kawaida yake, mkono ukanata. Mtu alimwaga juisi au soda pale na hakuna aliyehangaika. Tukasema basi tutandike taulo kwanza, kuvuta taulo kutoka kwenye rafu lina doa la foundation, ile ya kupaka usoni, la rangi ya udongo, saizi ya kiganja. Mwisho ametandika khanga zake mbili alizokuja nazo, juu yake mswala, ndio akaswali. Mtu mzima kasafirishwa kutoka Tanga mpaka Florida anaogopa kugusa sakafu ya hoteli ya dola mia tatu. Mke wangu alikuwa anaona aibu utadhani yeye ndiye mwenye hoteli.

Bafuni sasa. Ile silikoni ya pembeni ya beseni la kuogea imeota ukungu mweusi, na huo sio wa jana, ule ni wa miezi. Najua Florida ni unyevunyevu, mvua ya mchana kila siku kipindi cha joto, watu wanaanika nguo za kuogelea bafuni, naelewa, lakini ndio maana kuna dawa ya ukungu na kuna feni ya kutoa hewa, na hiyo feni nilipoweka karatasi ya chooni pale kwenye matundu haikuvuta kitu, vumbi limeziba. Kwenye friji kuna maziwa yalimwagika yakakauka chini ya ile droo. Rimoti inanata.

Halafu ndio ikaja ile ya kwenye kichwa cha uzi. Mpira wa mdogo wake Aisha ukaingia chini ya kitanda, mtoto akalala kifudifudi akaingiza mkono, akatoka na pampasi. Imetumika, imefungwa kimpira, imekauka. Sina la kuongeza hapo.

Nikashuka mapokezi. Dada wa watu anatabasamu mpaka mwisho, anasikitika kusikia hivyo, anaelewa kabisa ninavyojisikia, hoteli imejaa hakuna chumba kingine, atatuma mtu. Nikamwambia dada mimi sihitaji pole, nahitaji mtu mwenye shuka. Tukasubiri tena.

Akaja mama mmoja wa Haiti, kachoka mpaka huruma, mkokoteni umejaa. Na hapa naomba watu wasinielewe vibaya, huyu mama sina ugomvi naye hata kidogo. Alipoiona ile pampasi akashika kichwa. Mama mkwe wangu hajui Kiingereza wala Kifaransa lakini walielewana kwa mikono tu, wakashika shuka huku na huku wakatandika kitanda pamoja, kona zote zimekaa vizuri utafikiri wamefanya kazi pamoja miaka ishirini. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akaniambia asubuhi anapewa orodha ya vyumba kumi na kadhaa, na siku za wikendi karibu vyote ni vya watu wanaotoka. Haya pigeni hesabu wenyewe: wageni wanatoka saa tano asubuhi, wapya wanaingia saa kumi jioni, katikati kuna masaa matano. Chumba kimekaliwa na familia ya watu watano, wamekula pizza kitandani, wamerudi na mchanga na maji ya slaidi, na hakijaguswa tangu walipoingia. Unakisafishaje kwa nusu saa? Husafishi, unanyoosha.

Na hilo la kutoguswa ndilo linaloniuma kuliko pampasi.

Mnakumbuka Machi 2020 park zote kubwa za Orlando zilifungwa kwa ajili ya korona, Universal wakafungua Juni, Disney Julai. Hoteli nyingi za Marekani zikasema kwa usalama wako hauskipa, yule wa kusafisha vyumba, hataingia chumbani kila siku, tukasema sawa, ugonjwa upo, nani anataka mtu wa kuzunguka vyumba ishirini aje apumulie mto wake. Haya, korona ikaondoka. Barakoa zimeondoka. Foleni zimerudi, Epic Universe, park mpya ya Universal, imefunguliwa Mei 2025 watu wanasimama kwenye jua kama wanagawiwa viwanja. Bei zimerudi na zimepanda juu yake. Kitu kimoja tu ndio hakijarudi kwenye hoteli nyingi, hauskipa wa kila siku. Saivi ukitaka usafi unaomba, kwenye app, kabla ya saa fulani, au wanapita siku moja wanaruka nyingine, na wakipita wanachukua taka na kubadilisha taulo basi. Eti ni kwa ajili ya mazingira. Mazingira gani, mbona bwawani kiyoyozi cha baa kinapuliza milango ikiwa wazi?

Na msidhani wafanyakazi wanafurahia kazi kupungua. Labor Day ya 2024, ile sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani ya Septemba, wafanyakazi wa hoteli kama elfu 10 wa chama cha UNITE HERE waligoma kwenye miji kadhaa, Boston, San Francisco, Honolulu, Seattle na kwingine, na moja ya vitu walivyokuwa wanadai mbali na mshahara ni kwamba usafi wa kila siku urudishwe. Kwa sababu chumba kikikaa siku nne bila kuguswa kazi yake inakuwa mara mbili, na masaa yao yanakatwa hapo hapo. Kwahiyo mgeni hataki, hauskipa hataki, anayetaka ni nani? Jibu mnalo.

Sikilizeni na hii sasa. Baada ya yule mtu kumimina risasi kutoka hotelini Las Vegas Oktoba 2017, hoteli kubwa za park kule Orlando zilibadilisha utaratibu, ule ubao wa usinisumbue ukabadilishwa na wa kusema chumba kina mtu, na wakajipa haki ya kuingia kukagua. Mimi sipingi, usalama ni usalama. Lakini maana yake ni kwamba kwetu pale alikuwa anakuja mtu KILA SIKU, anagonga, anaingia, anaangalia hakuna bunduki, anaondoka. Pipa la taka limejaa mpaka maganda yanadondoka na yeye analiona. Nikamuuliza kaka si uondoke na huo mfuko basi, akasema yeye ni idara nyingine. Yaani muda wa kunikagua upo, muda wa kubeba mfuko wa taka haupo!!

Kinachokera zaidi ni kwamba usafi wanauweza. Nendeni ndani ya park muone. Popkoni ikidondoka kabla hujainama ameshatokea kijana na ufagio na kizoleo chake cha mpini mrefu, mapipa kila hatua chache, vyoo vinadekiwa mbele yako na watu maelfu wanapita. Yaani pale penye kamera za wageni wanaojirekodi, pasafi. Mlango wa chumba ukishafungwa unalala na unywele wa mtu wa Ohio.

Bei sasa, kwa wanaojipanga. Chumba karibu 300, juu yake kodi, Orange County, kaunti ya Orlando, inafika asilimia 12.5, halafu juu yake tena kuna ada ya risoti ambayo nilipouliza ni ya nini wakanitajia intaneti, bwawa na simu ya mezani. Simu ya mezani wakuu. Tangu Mei 2025 kuna sheria ya FTC, wale wa serikali ya Marekani wanaolinda wateja, inayowalazimisha kukuonyesha bei nzima pamoja na hizo ada mwanzoni kabisa unapotafuta chumba, ila haiwazuii kuzitoza, wanatoza tu mchana kweupe. Na mezani kuna kikadi kizuri kina QR kodi ya kumwachia tipu hauskipa, chumba hakijafagiliwa ila QR ipo na imefutwa vumbi. Yule mama wa Haiti mimi nilimpa mkononi, keshi, hizo QR siziamini.

Kwa mnaoenda, fanyeni anavyofanya mama mkwe. Mizigo isiingie kitandani wala kwenye kapeti, iwekeni kwenye beseni la kuogea kwanza, maana kunguni anasafiri na begi na akifika nyumbani kwako hatoki kwa dawa ya dukani. Funua shuka mpaka kwenye godoro, angalia ile mishono ya pembeni na nyuma ya ubao wa kichwani, ukiona vidoa vyeusi kama vya kalamu toka hapo hapo kadai chumba kingine, na kisiwe cha jirani kinachopakana nacho. Sisi kunguni hatukumuona, hilo nasema ukweli. Piga picha za kila kitu KABLA hujafungua begi, zile za kwangu zina saa juu yake ndio maana meneja hakuweza kuniambia uchafu ni wetu. Glasi ziosheni wenyewe. Na kopo bebeni la kwenu.

EDIT: Naona komenti zinamiminika. Wa "si mngechukua nyumba Kissimmee", ndugu yangu najua, zimejaa kule na zina jiko, lakini nenda kaangalie ada ya usafi wanayokupachika mwishoni, na kodi ya Osceola, kaunti ya Kissimmee, ni asilimia 13.5, kisha kuna kuendesha na kulipia parking ya park kila siku. Kwa watoto wadogo kukaa ndani kulikuwa na maana, ndio tulichokuwa tunalipia. Wa "mtu mweusi akienda ulaya anajifanya msafi", pita hivi. Na yule wa Zanzibar aliyesema kwao Nungwi hoteli ya nusu ya bei hiyo unakuta taulo limekunjwa bata na maua kitandani, mwambieni mama mkwe anasema bata hataki, anataka shuka safi.

EDIT 2: Meneja kapiga simu leo. Anarudisha ile ada ya risoti tu, na vocha ya chakula ya kutumia tukirudi. Tukirudi!! Nimekataa vocha, nimewaambia benki ya kadi nataka kupinga malipo ya usiku wa kwanza, na nimejaza malalamiko DBPR, wale wa serikali ya jimbo la Florida wanaokagua hoteli na migahawa, fomu iko mtandaoni na ni bure. Kuna mtu humu ameshawahi kuwatumia? Wanakuja kweli kukagua au wanakujibu barua pepe ya asante basi? Na kwa waliowahi kupinga malipo ya hoteli kwa kadi, benki ilitaka picha tu au walidai na barua kutoka hotelini?