Betri ya gari la zamani inaisha moto likiegeshwa: swichi ya kukatia, sola au chaja ya ukutani?

Landa109_Tanga
Wakuu, heshima kwenu. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1976, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya lita 2.25. Ni ya mzee wangu, naitunza mimi hapa Tanga, na naipenda kuliko gari lolote jipya. Kazi yangu ni ya kusafiri, kwa hiyo hukaa bandani hata wiki tatu bila kuguswa. Nikirudi, stata inagonga "tik" basi. Betri ni N70 ya maji, haijafikisha mwaka. Nikiishtua kwa gari la jirani linawaka, na siku hiyo nzima halina neno. Nikiliacha tena, ni yaleyale.

Nimebaki na njia tatu: kufunga swichi ya kukata moto kwenye teminali ya hasi, kununua paneli ndogo ya sola ya wati 10, au kuweka chaja ya ukutani inayojirekebisha yenyewe. Banda lina umeme, ila mara nyingine unakatika. Aliyetumia mojawapo kwa muda mrefu naomba anifungue macho.

Simba504_Nairobi
Karibu ndugu. Mimi ni wa chaja. Nina Peugeot 504, ukoo uleule ulioshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na magari kama haya hapa kwetu hufunikwa miezi mingi yakingoja msimu wa Concours d'Elegance, maonyesho ya magari pale Ngong Racecourse. Linalokaa hivyo linahitaji betri iliyojaa muda wote, si betri iliyozimwa tu.

Sababu ni hii. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikifika 12.0 imebaki kama robo. Ukiiacha chini ya 12.4 kwa wiki nyingi, salfeti ya risasi inagandamana kwenye bamba zake, na ikishakuwa ngumu hairudi nyuma kirahisi hata ukichaji. Ndiyo maana betri mpya zinazeeka upesi kwenye magari ya maonyesho. Chaja nzuri inapanda hadi volti 14.4 hivi, ikiona imejaa inashuka kwenye 13.5 na kubaki hapo. Swichi haijazi kitu. Inazuia tu.

FundiUmeme_Ilala
Mkuu wa Tanga, kabla hujanunua chochote kati ya hivyo vitatu, pima. Gari la 1976 halina kompyuta wala alamu ya kiwandani. Likizimwa, linapaswa kula moto kidogo mno, karibu na sifuri. Betri isiyofikisha mwaka kuisha ndani ya wiki tatu maana yake kuna kitu kinakula, au kuna seli moja mbovu.

Anza na seli, kwa kuwa betri yako ni ya maji. Ichaji ijae, iache itulie, kisha pima tindikali ya kila kishimo (kila kimoja ni seli) kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa tindikali. Iliyojaa husoma karibu 1.265. Kishimo kimoja kikiwa chini ya wenzake kwa 0.05 au zaidi, hiyo betri haitapona kwa swichi wala sola. Maji yakipungua ongeza maji yaliyosafishwa tu. Usiongeze tindikali.

Seli zikiwa sawa, tafuta ulaji. Funga milango, zima kila kitu, fungua waya wa hasi kwenye betri. Weka mita kwenye ampea 10, ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye teminali. Usiguse stata mita ikiwa hapo, itaungua. Ukisoma 0.05, hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku (0.05 mara saa 24), na N70, yenye ampea-saa 70, itafika nusu baada ya mwezi hivi. Ukisoma zaidi ya hapo, anza kuchomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke.

Hapa ndipo wengi wanakwama na Series. Fyuzi zake ni chache, na waya kadhaa hazipiti kwenye fyuzi kabisa, wa altaneta (ile inayochaji betri injini ikizunguka) ukiwa mmojawapo. Umetoa fyuzi zote na namba haijashuka? Ondoa mita, hakikisha waya wa hasi uko nje, chomoa plagi ya altaneta nyuma, kisha rudisha mita. Ikishuka, dayodi zake, ambazo kazi yake ni kupitisha moto upande mmoja tu, zinavujisha moto kurudi ndani. Altaneta inaweza kuchaji vizuri mchana na bado ikanyonya betri usiku, ndiyo maana fundi akipima volti injini ikiwaka anasema gari ni zima.

Na ile tabia ya wengi ya kushtua halafu kuacha injini ikinguruma robo saa ili ijaze betri, iacheni. Kuwasha kwenyewe kunakula kidogo sana, hata ampea-saa moja haifiki. Betri iliyokauka, yaani iliyoisha moto, ni suala jingine, inahitaji saa nyingi. Altaneta ndogo za zamani injini ikiwa sailensi, bila kukanyaga mafuta, zinatoa kidogo, na kuzilazimisha zijaze betri tupu kunazipasha moto bure. Betri ya ampea-saa 70 ipe chaja ya ampea 7 au chini, usiku kucha.

PwaniMuscat
Assalaam aleikum. Niko Oman, nimetumia sola na swichi. Fundi amesema kweli, lakini msisahau joto. Betri hupoteza moto yenyewe hata isipounganishwa na kitu, na kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka upotevu huo karibu unazidi mara mbili. Huku kiangazi kinapita nyuzi 45, na Tanga nako si baridi. Swichi peke yake haitoshi kwa gari linalokaa miezi.

Sola ya wati 10 ikiwa juani kweli inatoa kama nusu ampea, jumla ampea-saa 2.5 kwa siku nzuri. Bandani chini ya bati haitoi chochote, lazima ipande juu ya paa na waya ushuke. Iwekee kidhibiti chaji, kwa sababu paneli isipobebeshwa mzigo hupanda hadi volti 20 na kitu, itachemsha maji ya betri.

Kuhusu swichi, usiikate kamwe injini ikiwaka. Altaneta ikikosa betri ghafla, volti zinaruka na dayodi zinakufa.

Morisi_Unguja
Na sisi wa dainamo, ile iliyochaji betri kabla ya altaneta kuja, tusisahauliwe jamani! Morris Minor yangu bado ina waya wa chanya uliofungwa kwenye bodi, badala ya hasi, kama ilivyotoka kiwandani. Mwenye gari la namna hii akishtuliwa, chanya bado inaunganishwa na chanya, hasi na hasi, ila mabodi ya magari mawili yasigusane hata kidogo. Bampa kwa bampa ni shoti. Kwenye magari ya kawaida kama la mwenzetu wa Tanga, kibanio cha mwisho cheusi kiwe kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa inatoa haidrojeni na cheche moja inatosha.

Halafu mbona hakuna aliyetaja hendeli, ile ya kuzungusha injini kwa mkono? Series ina tundu lake mbele. Weka gia huru na handibreki, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikirudisha nyuma, dole lililozungushwa linavunjika. Hata hivyo koili inayotoa cheche za plagi inahitaji moto kidogo. Betri iliyokauka kabisa, hendeli na kusukuma vyote ni jasho la bure, hasa kwa altaneta, maana nayo inataka moto wa kuanzia.

Landa109_Tanga
Wakuu, Mungu awabariki. Nimepima jioni hii. Vishimo vyote sita viko kati ya 1.26 na 1.27. Mita imesoma ampea 0.18. Nimetoa fyuzi zote, namba haikutikisika. Nimechomoa plagi ya altaneta, ikashuka hadi 0.02, ambayo ni saa ndogo ya dashibodi aliyoifunga mzee.

FundiUmeme_Ilala
Umeipata. Ampea 0.18 ni ampea-saa 4.3 kwa siku, betri iliyojaa inakauka ndani ya siku 16 hivi. Sola ya wati 10 isingeikimbiza hiyo, ungenunua paneli na gari likaendelea kukugomea. Swichi ingeficha ubovu, nao ungekua hadi altaneta ikakufia barabarani. Itoe, mpelekee fundi wa altaneta abadilishe daraja la dayodi. Usikubali kuuziwa altaneta nzima kama koili zake, zile nyaya zilizosokotwa ndani, ni salama.

Simba504_Nairobi
Kwa 0.02 iliyobaki, wiki tatu ni ampea-saa 10, stata haitahisi. Nunua chaja ndogo bado, uwe unaijaza usiku wa kurudi. Umeme ukikatika haidhuru, nyingi zinaendelea zenyewe ukirudi, ila soma maelezo ya unayonunua, zipo zinazosubiri ubonyeze.

Landa109_Tanga
Sawa. Altaneta inatoka kesho asubuhi. Swichi nitaifunga pia, kwa ajili ya waya zenyewe, maana nyingine zina umri wa gari na hazina fyuzi. Je, swichi ya ampea ngapi inahimili stata ya 2.25?

FundiUmeme_Ilala
Chukua iliyoandikwa angalau ampea 200 mfululizo, yenye shaba nene. Zile nyepesi za kijani zinazobana juu ya teminali hulegea na kupata moto. Piga mswaki wa waya kwenye teminali kabla ya kufunga, kisha paka grisi juu.