Vifaa vya sola: namba za kwenye stika ni uongo, halafu mteja anaambiwa "umetumia vibaya"

Wanajamvi, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo. Kila siku humu kuna mtu anauliza: "Wakuu, nina paneli ya wati 500 na betri ya 100Ah, mbona TV inazima saa tatu usiku?" Majibu yanamiminika: fundi kafunga ovyo, ni kipindi cha mvua, umetumia vibaya, ongeza betri. Hakuna anayemwambia ukweli. Ndugu, huna wati 500 na huna 100Ah (ampia-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachohifadhi). Umeuziwa stika.

Tuanze na paneli, maana huu ndio uongo wa kitoto kuliko wote. Jua la mchana lisilo na wingu linashusha takribani wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri za siku hizi zinageuza asilimia 20 hadi 22 ya hizo kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba inakupa wati 200 na ushee, basi, iwe imetoka China, Ujerumani au mbinguni. Ingia dukani na tepu. Paneli ya urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 55 ina mita za mraba 0.66, zidisha kwa 210, unapata wati 139. Nyuma wameandika 500W. Paneli ya kweli ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28, upana mita 1.13, uzito kama kilo 28, na haipandi bodaboda.

Hata stika yenyewe mara nyingi inajisuta. Tafuta mistari miwili: Voc, yaani volti paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu, na Isc, yaani ampia nyaya zake mbili zikigusanishwa. Zidisha Voc kwa Isc, kisha zidisha jibu kwa 0.75. Ukikuta Voc 21.6 na Isc 8.1, hesabu inaleta wati 131. Sasa hiyo 300W iliyoandikwa juu kwa wino mnene imetoka wapi? Aliyechapa hata kikokotoo hakugusa, kwa kuwa anajua hakuna atakayekagua.

Ukitaka uhakika, pima Isc juani, kati ya saa tano na nusu na saa saba na nusu mchana, paneli ikilitazama jua. Multimita iweke kwenye ampia za DC (umeme wa paneli na betri), waya mwekundu uhamishie tundu la 10A, gusisha moja kwa moja kwenye nyaya za paneli. Kupima hivi ni kwa paneli TU. Ukigusa betri mita ikiwa kwenye ampia umepiga shoti, utachoma mita na pengine vidole. Ukimaliza rudisha waya kwenye tundu la volti hapo hapo, maana wengi huunguza mita kwa kusahau hilo. Paneli kubwa za wati 550 zinatoa ampia 13 au 14, kwa hiyo usizipime kwa tundu la 10A. Tumia mita ya kubana waya, na hakikisha inasoma DC, kwa sababu nyingi za bei ya chini zinasoma AC (umeme wa soketi za nyumbani) peke yake.

Muuzaji atakwambia "joto la Dar linapunguza nguvu". Kweli, paneli inapoteza kama asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto lake inapozidi 25. Bati likiipasha hadi digrii 60, umepoteza asilimia 14. Haliwezi kula wati 361 kati ya 500. Tena joto linashusha volti. Isc haishuki kwa joto. Kwa hiyo ampia zikikosekana, kisingizio cha joto kimekufa.

Betri ndipo watu wanapoumizwa zaidi, kwa kuwa ndipo hela nyingi inakwenda.

Betri ya risasi haina ujanja: umeme unakaa kwenye risasi, na risasi ina uzito. Betri ya sola ya 12V 100Ah ya kweli ina kilo 28 hadi 32. Ya 200Ah ina kilo 55 hadi 65, unaibeba na mwenzako. Ukipewa "100Ah" ya kilo 18 ambayo binti wa dukani ameinyanyua kwa mkono mmoja, umepewa kama 55Ah. Mizani ya gunia inatosha kumaliza ubishi, na ndiyo maana maduka mengi hayataki kuiona.

Kupima volti dukani hakukusaidii chochote. Betri mbovu iliyotoka kuchajiwa inasoma 12.7 kama nzima. Kipimo ni mzigo. Chukua taa ya mbele ya gari ya 12V, wati 50 hadi 55, iwashe moja kwa moja kwenye betri iliyojaa kwa saa 5. Hapo umetoa kama 21Ah. Zima, iache itulie saa 2, pima. 100Ah ya kweli itasoma 12.4 na kitu. Ikisoma 12.1, umeshaimaliza nusu, maana yake ndani kulikuwa na 40Ah hivi. Na kuna wanaochukua betri ya kuwashia gari wakaibandika stika ya jua linalocheka. Pleti zake ni nyembamba, zimetengenezwa kumwaga moto mwingi kwa sekunde chache, si kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Ukiona imeandikwa CCA, hizo ni ampia za kuwashia injini asubuhi ya baridi, na hiyo ni betri ya gari hata ikipakwa rangi ya kijani.

Sasa tazameni uongo wa paneli na uongo wa betri unavyoshirikiana. TV wati 60, king'amuzi 15, taa nne za wati 5. Jumla wati 95. Kwa saa 5 ni 475Wh (wati-saa, yaani wati mara saa). Weka upotevu wa invata (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani), betri inatoa kama 546Wh, yaani 45Ah. 100Ah ya kweli inashuka chini ya nusu, ndivyo inavyotakiwa kwa betri ya risasi, inadumu miaka. Ile "100Ah" ya kilo 18 inakamuliwa asilimia 83 kila usiku. Kesho yake, kwa kuwa betri ya risasi hula zaidi ya inachotoa, inahitaji karibu 680Wh kujaa. Paneli ya wati 139, kwa jua la saa 5 na upotevu wa kawaida wa robo, inaleta 521Wh. Haijai. Kesho tena haijai. Betri ya risasi isiyojaa siku nyingi mfululizo inagandiwa na salfeti kwenye pleti, uwezo unaporomoka, na ndani ya miezi michache ni chuma chakavu. Unairudisha dukani, unaambiwa umetumia vibaya. Vibaya vipi? TV moja na taa nne!

Invata. "3000W" kwenye betri ya 12V ni ampia 250 kabla hata hujaweka upotevu. Ampia 250 zinataka waya wa milimita za mraba 70 au zaidi. Ndani ya boksi wamekuwekea viwaya vya 6 au 10 vyenye vibanio vya mamba. Ukifungua kifuniko utakuta fyuzi za gari zimepangwa, zijumlishe. Zikiwa tatu za 30A ni ampia 90, mara 12 ni wati 1,080. Mtengenezaji mwenyewe hakuamini namba aliyoiandika nje, fyuzi ndiyo sahihi yake. Hapo sijagusa za "modified", ambazo mawimbi yake si laini: feni inanguruma na kompresa ya friji inachemka mpaka inaungua.

Kontrola, kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia kuchaji, ndiyo inayoniudhi kuliko vyote kwa sababu inasingizia wasio na hatia. Kile kiboksi kidogo chenye kioo na matundu mawili ya USB, kimeandikwa MPPT kwa maandishi makubwa, kina uzito wa gramu 150. MPPT ya kweli inabadilisha volti nyingi kuwa ampia nyingi, na kazi hiyo inahitaji koili ya shaba ambayo ina uzito wake. Hicho kiboksi ni PWM, aina rahisi inayounganisha paneli na betri bila kubadilisha volti. Ukikiunganisha na paneli halali ya wati 300 yenye volti 31, kinapitisha ampia zilezile za paneli, 9.7 hivi, kwenye betri ya volti 13. Wati 126. Zaidi ya nusu imepotea juu ya paa, na fundi anatoa hukumu: "paneli yako feki". Njia ya kuhakiki ni moja: jua likiwa kali na betri ikiwa na njaa, pima ampia zinazoingia kwenye kontrola na zinazotoka kwenda kwenye betri. Zikilingana, ni PWM, hata ingeandikwa MPPT kwa dhahabu.

Waya nao: kwangua kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na inazuia umeme zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba.

Kwa nini haya hayaishi? Kuagiza mzigo kiwandani kwa jina lako na stika yako ni biashara ya kawaida, na namba inapanda meli pamoja na stika. Na sisi wanunuzi tumo. Weka kaunta moja paneli mbili za ukubwa uleule, moja imeandikwa 140W na nyingine 500W kwa bei ileile. Mwenye duka mkweli atafunga kabla ya Idi. Vile vifurushi vidogo vya taa na chaja ya simu vina mpango wa kimataifa wa kupimwa maabara, zamani Lighting Global, tangu 2020 VeraSol, na vilivyofaulu vinajulikana kwa majina. Mpango huo ulianza kwa vifurushi, si kwa vifaa vya kununua kimoja kimoja na kuunganishiwa na fundi, na ndivyo wengi tunavyofunga majumbani.

NYONGEZA 1: Mnaosema "nunua lithiamu, matatizo yanaisha". Hayaishi, yanabadilika sura. 12.8V 100Ah ya LiFePO4 (aina ya lithiamu inayotumika kwenye sola) ina seli nne, kila moja karibu kilo 2. Seli pekee ni kilo 8, na boksi zima ni kilo 10 hadi 13. "100Ah" ya kilo 5 ni hewa. Uliza Wh badala ya Ah: 100Ah ni 1,280Wh, na ukiona stika imekwepa kabisa kuandika Wh, ondoka. Kontrola iwekwe kwenye hali ya lithiamu, volti 14.2 hadi 14.4, na ile ya "equalize" (kuchaji kwa volti za juu, ya betri za risasi) izimwe. Ukiiacha, BMS (saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri) inaweza kukata betri wakati jua linawaka, volti zikaruka, na kinachoungua kikawa king'amuzi.

NYONGEZA 2: Mkuu aliyeuliza kuhusu betri za tochi za 18650 zilizoandikwa 9,900mAh: za kweli zinaishia 3,500, chache sana zinakaribia 4,000. Hiyo tupa.

NYONGEZA 3: Kuhusu kurudishiwa hela. Usikubali risiti iliyoandikwa "vifaa vya umeme, 1". Mwambie aandike betri, aina, volti, Ah, uzito kwa kilo, na muda wa waranti. Akikataa kuandika kilo, hujalipa bado. Mfuko ni wako.